Mswada Utoke Lini? Mjadala juu ya Ujasiri wa Kuchapisha Hadithi za Kubuni

MWANDISHI CHIPUKIZI: Ujasiri wa kuchapisha hautangulii kitabu bali hukifuata, kwa kuwa hakuna mwandishi awezaye kujua kazi yake ina thamani gani kabla watu asiowajua hawajaisoma, na anayeshauriwa asubiri mpaka ajiamini anashauriwa asubiri kitu ambacho kusubiri hakukileti. Gharama ya kusubiri inajulikana katika historia ya fasihi ya Kiswahili. Shaaban Robert aliandika Kufikirika katika miaka ya 1940, akafariki mwaka 1962, na riwaya hiyo ikachapishwa mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka mwaka 1968, nazo hakuwahi kuzishika mkononi zikiwa vitabu. Ikiwa mtu mwenye jina kubwa kiasi hicho aliacha miswada, yaani maandishi ambayo bado hayajapigwa chapa, kijana wa Singida au wa Kakamega asiyejulikana na yeyote anaambiwa asubiri kwa matumaini gani?

MHARIRI: Mfano wa Shaaban Robert ni mzito, ila haumsaidii Ndugu Mwandishi kwa namna anavyodhani. Mtu huyo huyo alikwisha kuchapisha Kusadikika mwaka 1951, chini ya utawala wa kikoloni, akasimulia habari za nchi ya angani ambamo kuwashauri watawala ni kosa la jinai. Moyo hakuukosa hata kidogo, na kama kuna alichokosa ni njia ya kufikisha kila alichoandika kwa wasomaji. Kukosa njia na kukosa moyo ni mambo mawili, na wengi wa wanaolalamika leo njia wanazo, kwa sababu mpiga chapa yupo karibu kila mji mkubwa na hamuulizi mteja wake kama kitabu kimekomaa. Mswada wa kwanza unaofika mezani mwa mhariri mara nyingi huwa na mhusika aitwaye Zuhura katika sura ya kwanza, ambaye katika sura ya nne ameandikwa Zuhra na katika ya tisa Zahara. Masika yananyesha Dodoma mwezi wa Agosti. Mama aliyezikwa ukurasa wa 40 anapika chai ukurasa wa 112. Na bibi wa kijijini, hakimu na kondakta wa daladala wote wanazungumza Kiswahili kimoja, ambacho ni cha mwandishi mwenyewe. Makosa ya namna hiyo hayamwaibishi mtu, maana kila mswada duniani huzaliwa nayo, lakini kuyapeleka sokoni kwa jina la ujasiri ni kumdhulumu msomaji aliyetoa fedha yake.

MHAKIKI: Wazungumzaji wote wawili wanauchukulia woga kana kwamba unatokana na ubora wa kazi, kwamba mwandishi anaogopa kwa sababu hajui kama ameandika vizuri, ilhali woga unaowafungia wengi miswada yao kabatini una chanzo kingine kabisa, nao ni hofu ya kutambuliwa. Mwandishi wa hadithi za kubuni hutumia alichokiona, na alichokiona ni nyumba yake, ukoo wake na mtaa wake. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971 aliiweka Namagondo, Ukerewe, kijiji kile kile alichozaliwa, na akasimulia humo habari za baba mlevi anayemlea binti yake kwa kipigo na vitisho, za uhusiano wa kimapenzi wa binti huyo akiwa masomoni, za utoaji mimba na za kujiua. Riwaya hiyo ilizuiwa shuleni kwa muda, ingawa baadaye ilikubaliwa, na vizazi vya wanafunzi vikaisoma. Mtu aliyetaja kijiji chake kwa jina lake halisi, katika kitabu cha namna hiyo, hakuwa akijiuliza kama nukta na mkato vimekaa mahali pake.

MHARIRI: Kilichapishwa na East African Literature Bureau, shirika lililokuwa na wahariri. Nukta na mkato vilikuwa na mtu wa kuviangalia.

MHAKIKI: Hilo halipingwi. Linalosemwa hapa ni kwamba mhariri huweza kuuponya mswada uliomfikia, na hana la kufanya kwa ule ambao haukutumwa. Na wasiotuma si sampuli ya kawaida ya waandishi, kwani hofu ya kutambuliwa haiwagawii watu mzigo sawa. Mwanamume akiandika juu ya uzinzi husifiwa kwa kuijua jamii yake, lakini mwanamke akiandika sura hiyo hiyo huulizwa alijuaje, na swali huenda kwa mumewe, kwa wakwe na kwa jirani kabla halijamfikia yeye. Wanawake walioandika riwaya za Kiswahili katika miongo ile ya mwanzo wanahesabika kwa urahisi. Ndyanao Balisidya, aliyechapisha Shida mwaka 1975, na Zainab Burhani, aliyetoa Mali ya Maskini mwaka 1981, hutajwa mara nyingi kwa sababu wenzao walikuwa wachache mno. Kudhani kwamba wengine walikosa kipaji, au walikosa mhariri, ni kutotazama watu wanaishije.

MWANDISHI CHIPUKIZI: Mwalimu Mhakiki ameligusa jambo lenyewe, na upo mzigo mwingine wa jamii hiyo hiyo, ambao ni lugha. Mwaka 1928 ilikubaliwa mjini Mombasa kwamba Kiunguja, yaani lahaja ya mji wa Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikawa na kazi ya kuikagua miswada na kuidhinisha lugha yake kabla haijatoka. Kamati hiyo imekwisha, lakini mkaguzi wake amebaki vichwani. Mwandishi aliyekulia Bukoba au Kisii anaandika akihisi kwamba mtu wa pwani anamsoma begani na kumcheka. Wa Mombasa naye anaogopa kwamba Kimvita chake kitaitwa kosa na mwalimu wa shule. Na wa Lubumbashi anadhani kuwa Kiswahili anachoota nacho hakistahili karatasi. Mtu wa namna hiyo akiambiwa asubiri mpaka mhariri aridhike, anasikia kwamba asubiri mpaka awe mtu mwingine.

MHARIRI: Hapo kuna haki ya kulalamika, na wahariri wa Kiswahili wamewahi kuvisafisha vitabu mpaka vikakosa harufu ya mahali vilipotoka. Hata hivyo, Adam Shafi aliandika Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, ikiwa imejaa mazungumzo ya watu wa Unguja kama wanavyozungumza mitaani, na ilipita mikononi mwa mchapishaji bila kunyooshwa ikawa lugha ya taarifa ya habari. Mhariri mwema huuliza kama mhusika anazungumza hivyo kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Akijibiwa kwamba ni makusudi, anaacha. Anayehofia kuulizwa swali hilo, je, atastahimili vipi maswali ya wasomaji, ambao hawatamuuliza faraghani?

MWANDISHI CHIPUKIZI: Unguja ndiko lahaja ya msingi ilikotoka, Mzee Mhariri. Mfano wa Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo, ungekuwa na nguvu zaidi.

MHARIRI: Ungekuwa na nguvu zaidi, na ukweli kwamba haupatikani kwa wepesi ni doa la wachapishaji, wala hoja hiyo haitakwepwa. Lakini juu ya hofu ya kutambuliwa, kuna upande ambao Mwalimu ameuruka. Jina la kupanga, yaani jina ambalo mwandishi hulitumia kwenye jalada badala ya lake, ni jambo halali na mchapishaji hana sababu ya kulikataa. Lisilo halali ni kumchukua jirani pamoja na kazi yake, ulemavu wake, nyumba yake yenye mlango wa kijani na talaka yake ya mwaka jana, kisha kubadilisha jina tu na kumfanya mwizi. Hiyo ni kashfa, maana yake ni kumvunjia mtu heshima mbele ya watu kwa jambo lisilothibitika, na neno "hadithi ya kubuni" kwenye jalada halimkingi mwandishi mahakamani ikiwa kila mtu mtaani anajua ni nani anayesemwa. Woga wa aina hiyo una busara ndani yake. Mwandishi aufuate mpaka kwenye mswada, amvunje jirani yule na kumuunda upya kutoka kwa watu watatu, na mara nyingi mhusika hutoka akiwa na uhai zaidi kuliko mtu halisi aliyenakiliwa.

MUUZA VITABU: Mazungumzo yote haya yanakwenda kana kwamba kitabu kikishatoka kimefika. Hakijafika. Duka la vitabu hupokea riwaya zilizochapishwa na waandishi wenyewe karibu kila wiki, na nyingi huwa hazina namba ya utambulisho wa kitabu, ile ISBN ambayo kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Jalada limebandikwa picha iliyookotwa kwenye intaneti, gundi inaachia kurasa kwenye joto la Dar es Salaam kabla mnunuzi hajamaliza sura ya tatu, na uti wa kitabu hauna maandishi, kwa hiyo kikisimamishwa rafuni kinapotea. Mwenye kitabu ametumia akiba yake kupiga chapa nakala elfu moja kwa kuwa aliambiwa kwamba bei ya nakala hushuka idadi inapopanda, jambo ambalo ni kweli, ila hakuambiwa kwamba nakala isiyouzwa haina bei. Maboksi yanarudi chumbani kwake, chini ya kitanda, na kila usiku analala juu ya ushahidi kwamba hakutakiwa. Waandishi wengi waliokata tamaa kabisa wanaoonekana dukani ni wa kundi hili, si wale waliokataliwa na wachapishaji.

MWANDISHI CHIPUKIZI: Je, kwa hiyo watu hawasomi?

MUUZA VITABU: Wanasoma mno, na wanaosema Waswahili hawasomi hawajawahi kukaa nyuma ya kaunta. Riwaya za upelelezi na mapenzi za kina Elvis Musiba na Hammie Rajab zilisomwa mpaka zikachakaa, zikapita mkono kwa mkono bila majalada. Ben Mtobwa hakuishia kuandika. Alianzisha kampuni yake ya Heko na kutoa humo vitabu vyake na vya wengine. Eric Shigongo alizifanya hadithi za mfululizo kuwa sababu ya watu kununua gazeti, na wapo walioanza kusoma kurasa hizo kabla ya ukurasa wa mbele. Wote hao walijua kitu ambacho kijana mwenye maboksi hakukijua: msomaji wao ni nani, anakaa wapi, ana shilingi ngapi mfukoni siku ya Jumamosi. Mtobwa anaweza kuitwa mtu aliyejichapishia, naam, lakini alijenga ofisi ya uchapishaji, na hilo ni jambo tofauti na kulipia kazi ya mpiga chapa.

MHAKIKI: Mama Muuza Vitabu amesema kwa uzito, isipokuwa hoja yake inampendelea mwandishi wa aina moja. Nagona ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, na yeyote ambaye angempima msomaji wake kwa shilingi za Jumamosi asingeandika hata aya ya kwanza ya vitabu hivyo viwili, ambavyo hadi leo vinawatesa na kuwafurahisha wanaovisoma vyuoni. Ujasiri wa kumjua msomaji ni mzuri. Upo pia ujasiri wa kuandika kwa ajili ya msomaji ambaye bado hayupo, na duka haliwezi kuupima.

MUUZA VITABU: Haliwezi, ni kweli. Ila aliyetoa Nagona alikuwa na vitabu vinne au zaidi nyuma yake na kazi ya chuo kikuu iliyompa mkate.

MWANDISHI CHIPUKIZI: Waandishi wa sasa wamekwisha kulijibu swali la maboksi bila kusubiri ruhusa. Sura ya kwanza hutolewa bure kwenye Facebook, ikakatizwa pale mlango unapogongwa usiku wa manane. Anayetaka kujua nani anagonga hutuma fedha kwa simu, akaingizwa kwenye kundi la WhatsApp ambako sura mpya hushuka kila jioni. Hapo mwandishi hahitaji gundi wala rafu. Na anachokipata kwa ajili ya moyo wake ni kikubwa kuliko fedha, kwa sababu usiku ule ule anasikia sauti za watu: mmoja anamlilia mhusika, mwingine anamkosoa kwamba boti ya Pemba haiondoki saa hiyo, wa tatu anasema mkwe wa namna ile anaye nyumbani kwake. Kezilahabi alisubiri muda gani kusikia kitu kama hicho?

MHARIRI: Hakusubiri kusikia; aliandika. Kundi la WhatsApp lina faida zilizotajwa na hakuna haja ya kuzidogosha, ila linamfundisha mwandishi kitu kimoja kwa nguvu mno, nacho ni kukata. Kila sura lazima iishie mlango ukigongwa, na baada ya sura sitini za milango msomaji wa kitabu anachoka, kwa sababu taharuki, yaani ile hali ya kumweka msomaji roho juu, inahitaji mahali pa kupumulia ili iwe na maana. Wasomaji wa kundi hawawezi kuliona hilo kwa kuwa hawasomi sura sitini kwa siku mbili. Tena wamelipa ili wafurahi, na wengi ni marafiki wa marafiki. Sifa zao ni za kweli, lakini hazitoshi kuubeba mswada mpaka kwenye kitabu.

MHAKIKI: Kuna njia ambayo imewafaa watu wenye hofu, na inashangaza kwamba haijatajwa. Muhammed Said Abdulla alizaliwa mwaka 1918. Alikuwa mwandishi wa habari Zanzibar, mtu wa takribani miaka 40, alipopeleka hadithi yake kwenye shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58 na kushinda, na Mzimu wa Watu wa Kale ikatoka mwaka 1960 ikamleta mpelelezi Bwana Msa na kuanzisha riwaya ya upelelezi ya Kiswahili kama inavyojulikana. Shindano humpa mwandishi kitu ambacho marafiki hawawezi kumpa, nacho ni hukumu ya msomaji asiyemdai wala kumpenda. Leo ipo tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na sasa kuitwa Safal-Cornell, ambayo hupokea hata miswada isiyochapishwa, na ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Mtu anayeogopa mtaa wake anaweza kuanza huko, mbele ya majaji ambao hawajui mlango wa nyumba yake una rangi gani.

MWANDISHI CHIPUKIZI: Na mamia wasioshinda? Mshindi hupata hukumu. Wengine hupata ukimya. Hapa ndipo Mzee Mhariri anapaswa kubanwa, maana ukimya huo ndio pia desturi ya nyumba za uchapishaji. Mswada hutumwa, miezi sita hupita, mwaka hupita, na hakuna hata mstari mmoja wa kusema umepokelewa. Mwandishi anayeambiwa kwamba kazi yake ni mbaya, na akaonyeshwa ubaya wenyewe, ana kitu cha kufanya kesho yake asubuhi. Asiyejibiwa hana. Anaanza kubuni sababu, na kwa kuwa ni mbunifu kwa kipaji, anabuni sababu za kutisha. Wachapishaji wanaodai kuwa walinzi wa ubora wamevunja mioyo mingi kwa kunyamaza kuliko walivyowahi kuivunja kwa kukataa.

MHARIRI: Shutuma hiyo ni ya haki, na maelezo yafuatayo hayaiondoi. Nyumba nyingi za uchapishaji za Afrika Mashariki huishi kwa vitabu vya shule. Kule Kenya riwaya ikiteuliwa kuwa kitabu cha kutahiniwa, kama ilivyokuwa kwa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora na Chozi la Heri ya Assumpta Matei, huuzwa kwa wingi ambao riwaya isiyoteuliwa haiuoti, na nchini Tanzania, tangu kazi ya vitabu vya kiada irudishwe kwa Taasisi ya Elimu, wachapishaji binafsi wamebanwa zaidi. Mhariri wa fasihi katika nyumba ya namna hiyo mara nyingi ni mtu mmoja, na huyo huyo husoma prufu, yaani kurasa za majaribio za kusahihishia, za vitabu vya sayansi na jiografia. Anapoukuta mswada mzuri usio na soko la shule, anajua hawezi kuutoa, na hana ujasiri wa kumwandikia mwenyewe kwamba ni mzuri na hautatoka. Ananyamaza. Huo nao ni woga, na umekuwa ukikaa upande wa pili wa meza muda wote tulipokuwa tukimzungumzia kijana.

MWANDISHI CHIPUKIZI: Basi swali lielekezwe kwa mswada mmoja. Umeandikwa upya mara tatu. Umesomwa mwanzo hadi mwisho na watu watano wasiojuana, wawili kati yao wakausema vibaya na mwandishi akawasikiliza. Umepelekwa kwa mchapishaji, na mwaka umepita bila jibu. Usubiri nini tena?

MHARIRI: Mswada huo usisubiri. Mwenyewe ajichapishie, ila fedha yake ya kwanza iende kwa mhariri wa kulipwa kabla haijaenda kwa mpiga chapa, na asitie saini mkataba wowote unaomtaka auze hakimiliki yake yote kwa malipo ya mara moja. Mrabaha, yaani fungu la bei ya kila nakala ambalo mwandishi hulipwa, mara nyingi huwa karibu asilimia 10, na ingawa ni fungu dogo, kitabu hubaki kuwa chake.

MUUZA VITABU: Na zipigwe nakala mia mbili. Zikiisha, zipigwe tena.

MHAKIKI: Mswada uliotajwa umekwisha kusomwa na watano, kwa hiyo mwandishi wake alikwisha kuvuka. Inabaki ile sura ambayo haikuwamo, ambayo aliitoa usiku mmoja kabla ya kumpa msomaji wa kwanza kwa sababu alimfikiria baba yake, au mchungaji, au shehe wa mtaa. Watano hawakuiona, mhariri wa kulipwa hataiona, na duka litauza kitabu bila kujua kwamba kina shimo katikati.

MWANDISHI CHIPUKIZI: Sura hiyo itaandikwa katika kitabu cha pili. Mwandishi huitoa kwa kuwa anamwona msomaji mmoja tu mbele yake. Kitabu cha kwanza kikishamletea wasomaji mia mbili, baba anakuwa mmoja kati ya wengi.

MHAKIKI: Rosa Mistika ilikuwa riwaya ya kwanza.

MWANDISHI CHIPUKIZI: Na nyuma yake palikuwa na shirika lililokubali kuweka jina lake kwenye jalada lile, likijua kitakachosemwa na wazazi na walimu. Je, Mzee Mhariri, leo ukipelekewa mswada wa namna ile na kijana wa miaka 27 aliyetaja kijiji chake kwa jina, usio na nafasi ya kuteuliwa shuleni, utamjibu ndani ya muda gani?